Mvua Isiyotamkwa Nchini Tamkoni

Jinsi nilivyofika Tamkoni haina faida kwa msomaji. Barabara ni barabara na mpaka ni mpaka, na vumbi la kwao halina tofauti na la kwetu. Nitaeleza niliyoyaona baada ya kufika, maana ndiyo watu wanayonikatalia kila ninaposimulia.

Nilialikwa kwa sababu kwetu mimi ni msomaji wa taarifa za hali ya hewa redioni, na sifa za Tamkoni katika jambo hilo zilikuwa zimetufikia. Tuliambiwa hakuna taifa lenye lugha tukufu ya anga kama wao. Hilo ni kweli, na ndilo lililowaponza.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumba ya wageni mvua ikinyesha. Watu walikuwa wakipita barabarani taratibu, wamelowa chapachapa, kila mmoja na mwamvuli wake kwapani, umefungwa. Nikafungua wangu. Askari akaja mbio, akanishika mkono.

"Ufunge, bwana. Haijatamkwa."

"Haijatamkwa nini?"

"Hiyo," akasema, akionyesha juu kwa kidevu, maji yakimchuruzika puani.

Nikaufunga. Baadaye nilielezwa sheria yenyewe. Katika Tamkoni hakuna mvua, wala upepo, wala jua, mpaka Baraza la Istilahi za Anga likutane, likubaliane jina, na jina litangazwe. Anayefungua mwamvuli kabla ya hapo, au kuanua nguo kambani, ametangulia tamko, na kutangulia tamko ni kosa. Siku ile tamko lilitoka adhuhuri, jua likiwaka. Watu wakafungua miamvuli yao wakaendelea na safari.

Mwenyeji wangu alikuwa Mheshimiwa Bakathiri, Mkuu wa Baraza hilo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya asali, na sikumsikia hata mara moja akitumia neno fupi pale palipokuwa na refu. Alinitembeza katika ukumbi wa Baraza, jengo la mawe juu ya kilima, akinionyesha picha za wakuu waliomtangulia na istilahi ambazo kila mmoja aliliachia taifa.

"Nchi nyingine bado zina mafuriko," aliniambia kwa huruma. "Sisi tuliyafuta."

"Mliyafutaje, mheshimiwa?"

"Kwenye kamusi. Sasa tuna changamoto ya wingi wa maji. Ukame nao tuliumaliza, imebaki changamoto ya uchache wake. Joto ni uchangamfu wa jua. Na upepo ukiezua mapaa, hiyo tunaiita fursa ya ujenzi."

Nilimtazama machoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Na wananchi wanayaelewa maneno haya?"

Alinigusa bega kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mwananchi hahitaji kuielewa anga, ndugu mgeni. Anahitaji kuiheshimu. Ndiyo maana tuna Sheria ya Ufafanuzi. Taarifa yetu inaruhusiwa kurudiwa neno kwa neno, hata mara mia. Kuifafanua ni marufuku. Kufafanua ni kushusha, na kilichoshushwa hakiheshimiwi tena."

Kwa mujibu wa ratiba yangu nilipelekwa pia Kituo cha Vipimo. Baraza hukiona kituo hicho kama bibi harusi anavyomwona mpishi: hawezi kumkosa, lakini hataki aonekane kwenye picha. Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Siwatu binti Mshindo. Alikuwa amesomea ng'ambo miaka mingi, akarudi na shahada zake, na alikuwa mwepesi wa hasira. Alinionyesha vyombo vyake kwa haraka haraka, kipimajoto, kipimamvua, barometa, kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba aliyochoka kuilipia kodi.

Nilimwuliza angewaelezaje wananchi tofauti ya hali ya hewa na tabianchi, maana wasikilizaji wangu huniuliza hivyo kila mara. Kwanza alikwenda kufunga mlango.

"Una jirani?" akaniuliza.

"Ninaye."

"Siku akiamka amenuna, hiyo ni hali yake ya siku ile. Akinuna miaka thelathini, hiyo ni tabia yake. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Kwamba huku mvua za masika huja mwezi fulani na kiasi fulani, mwaka hata mwaka, hiyo ni tabianchi. Na jirani aliyezoea kunyamaza akianza kutupa mawe, ujue tabia imebadilika."

"Na unyevu wa hewa?"

"Hewa hunywa maji, bwana. Ikishiba, jasho lako haina pa kuliweka, linabaki mwilini mwako, unahema. Basi. Jambo hilo Baraza limeliandikia maelezo ya ukurasa mzima na hakuna aliyejikuna nayo mgongo."

Alikuwa bado anacheka alipogeuka kutazama barometa. Kicheko kikamkatikia. Aliigonga kioo kwa ukucha, akasogea dirishani akatazama upande wa milimani, akarudi akaigonga tena.

"Kuna nini?"

"Mgandamizo wa hewa unashuka mno." Akaona uso wangu. "Hewa ina uzito. Mahali ikipata joto inakuwa nyepesi, inapanda juu, na pale chini panabaki kama kiti kilichoachwa wazi. Hewa ya jirani hukimbilia kukikalia. Mbio hizo ndizo upepo. Ile iliyopanda inakutana na baridi huko juu, mvuke wake unageuka matone, ndiyo mawingu, na ndiyo mvua. Kiti kikiwa wazi kidogo, wanakuja wachache. Leo kiti kiko wazi kabisa."

Alichukua shali yake, akanivuta tukaenda kwenye ukumbi wa Baraza.

Wajumbe walikuwa wamekwisha kuketi. Siwatu alisimama mbele yao, akasema kwamba kesho mchana kutanyesha mvua kubwa milimani, uwezekano ni asilimia tisini, na kwamba Mto Songoro utafurika na kuufikia mtaa wa Bondeni. Akaomba tamko litoke jioni ile ile ili watu wahame na kumbi za kilimani zifunguliwe kuwapokea.

Nilitazamia maswali juu ya mto. Swali la kwanza liliulizwa na mjumbe mmoja mwenye miwani mikubwa.

"Umesema 'mvua kubwa'. Kubwa kuliko nini?"

"Kuliko uwezo wa mto, mheshimiwa."

"Hilo ni neno la sokoni," akasema mjumbe. "Wauza samaki ndio husema kubwa na ndogo."

Mwingine akapinga asilimia. Serikali, alisema, haibahatishi. Ama mvua ipo, ama haipo. Ukisema asilimia tisini, hiyo kumi iliyobaki ni dharau kwa Baraza.

"Maana yake ni nyepesi," Siwatu akasema, na nikaona shingo yake imeanza kuwa ngumu. "Siku kumi zikiwa na anga kama hii, tisa zitanyesha."

"Anafafanua!" mjumbe mmoja akapiga kelele. Ukumbi ukaguna. Bakathiri akanyanyua mkono kwa upole, akamsamehe kwa kuwa alikuwa mbele ya wakubwa peke yao.

Wakajadili. Walipendekeza *mshuko stahiki wa majimaji*. Mtu wa sarufi akauliza kama maji hushuka au hushushwa, maana yakishushwa lazima atajwe anayeyashusha, na hilo ni suala la dini. Wakalipeleka kamati ndogo. Kamati ndogo ikaomba chai. Ilipofika jioni walikubaliana jambo moja tu, kwamba neno lolote litakalochaguliwa lisilazimishe kufungua kumbi za kilimani, kwa sababu zilikuwa zimepigwa rangi kwa ajili ya Kongamano la Istilahi. Jioni ile redio ilitangaza kwamba Baraza liko mbioni kukamilisha mchakato, na kwamba kumeonekana mporomoko wa kanieneo, jina lao la mgandamizo wa hewa, ambao wadau wanaufuatilia kwa karibu.

Asubuhi iliyofuata Siwatu alinipitia nyumba ya wageni. Hakusema anakwenda wapi. Tuliteremka kilima mpaka Bondeni, mtaa wa wafyatua matofali na wafua nguo, nyumba zimebanana mpaka ukingo wa mto. Ndiko alikozaliwa. Bombani tuliwakuta wanawake na ndoo zao, na mmoja wao, mtu mzima mwenye kifua kipana aliyeitwa Bi Kazija, alimpokea kwa kelele.

"Shikamoo, mama," Siwatu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Hebu tueleze, maana tangu jana tunagombana hapa. Redio imesema kuna kitu kinaporomoka. Ni jabali? Huyu anasema ni bei ya unga."

Wanawake wakacheka. Siwatu hakucheka. Alitazama huku na huku. Alikuwepo askari wa mtaa, ameegemea ukuta, anasikiliza bila kujificha. Nilimwona Siwatu akimwona. Akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi.

"Mvua kubwa inanyesha milimani leo," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huku mtaona jua mpaka mchana, msidanganyike nalo. Maji ya huko ndiyo yatakayokuja huku. Mto utatoka nje ya kingo. Utaingia majumbani."

Ndoo ya mtu ilijaa, ikamwagika, hakuna aliyelifunga bomba.

"Baraza limesema hivyo?" Bi Kazija akauliza.

"Baraza halijasema."

"Sasa sisi tufanyeje na hawajasema?"

"Mama, ningekuwa na mtoto hapa, adhuhuri isingemkuta. Ondokeni. Pandeni kilimani na mnachoweza kubeba. Mtakaobaki mtakufa."

Askari alikuwa ameshaondoka kwenda kupeleka habari. Bi Kazija aliinama akamwaga maji ya ndoo yake chini, kwa kuwa hakuhitaji tena maji ya kupikia pale, akaanza kuita majina ya wajukuu zake.

Walihama. Si kwamba wote walimwamini. Wengine walihama kwa kuwa jirani amehama, na wengine walitukana njia nzima. Lakini waliondoka, na magodoro, na sufuria, na mbuzi, mpaka Bondeni pakabaki kuku na mbwa. Nasi tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiwatoa wagonjwa na wabishi. Juu walikuta kumbi zimefungwa. Mlinzi aliwaambia kwa adabu kwamba rangi bado haijakauka, na kwamba rasmi hakuna kilichotokea. Wakakaa nje, kwenye ngazi za Baraza, juani, wakitazamwa kupitia madirishani na wajumbe ambao walikuwa bado wanajadili.

Mchana mlima ulitoweka ndani ya wingu jeusi. Upepo ukaja, kisha mvua, kisha mngurumo ambao kwanza nilidhani ni radi. Ulikuwa mto. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kilima pamoja na Bi Kazija nilipouona Songoro ukigeuka rangi, ukivimba, ukipanda juu ya ukingo wake bila haraka, kama ng'ombe anayeingia shamba lisilo na mwenyewe. Nyumba za mbele ziliinama. Moja ilikwenda nzima na paa lake, ikazunguka mara moja katikati ya maji, ikavunjika darajani. Bi Kazija alishika kichwa. "Ile ya bluu yangu," alisema.

Nyuma yetu mlango wa Baraza ukafunguliwa na karani akatoka chini ya mvua. Akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa kwa sababu kumekuwa na kelele nje.

Siwatu alikamatwa hapo hapo kwenye ngazi, akiwa amemshika mgonjwa mmoja mkono. Mashtaka yalikuwa mawili: kufafanua anga mbele ya watu wasiohusika, na kutoa utabiri wa uongo. La kwanza nililielewa. La pili lilinishangaza, nikadhani ni makosa ya karani.

Kesi ilisikilizwa maji yalipopungua. Ukumbi ulijaa watu wa Bondeni, wengi wao wakiwa bado wamevaa nguo zile zile. Nilidhani wamekuja kumtetea. Baadhi ndiyo. Lakini nilikaa nyuma ya wanaume wawili waliokuwa wakinong'ona kwamba angenyamaza maji yasingekuja, maana ovu hujia kwa aliyelitaja, na kwamba isingekuwa yeye sasa hivi wangekuwa majumbani kwao. Majumba hayo yalikuwa yamekwisha kufika baharini. Sikuona sababu ya kuwafafanulia, na isitoshe ilikuwa marufuku.

Bi Kazija alisimama kizimbani akaeleza yote kwa moyo mweupe. Wakili wa serikali alimwuliza swali moja.

"Mshtakiwa aliwaambia mtakaobaki mtakufa. Wewe umekufa?"

"Mimi? Si huyu hapa nimesimama."

"Kuna unayemfahamu aliyekufa?"

"Hakuna, Mungu ni mkubwa. Watu wote—"

"Inatosha, bibi."

Nikaitwa mimi. Nilifurahi kuitwa. Nilikuwa mgeni, sikuwa na jamaa pale wala deni la fadhila kwa mtu, na niliona kweli yangu itakuwa na uzito. Nilieleza jinsi mto ulivyopanda, nyumba zilivyong'olewa, na ile ya bluu ilivyovunjika darajani. Hakimu, mzee mkavu mwenye kikohozi, alinisikiliza kwa makini.

"Shahidi, nyumba hizo ulizoziona zikienda. Uliona mtu ndani yake?"

"Hapana, mheshimiwa. Tulikuwa tumewatoa wote. Nilizunguka mwenyewe."

"Una hakika? Hata mmoja?"

"Hata mmoja," nikasema kwa fahari.

Siwatu alifumba macho. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipofungua kinywa kuongeza neno niliambiwa ushahidi wangu umekamilika na mahakama inanishukuru.

Hukumu ilikuwa fupi. "Mshtakiwa alitabiri vifo," hakimu akasema. "Mahakama imetafuta vifo kwa bidii na haikuviona. Shahidi wa upande wake mwenyewe amethibitisha kwamba havikuwepo. Utabiri usiotimia ni uongo."

"Hawakufa kwa sababu hawakubaki!" Siwatu alipiga kelele. "Alibaki nani ili afe?"

"Mahakama haiwezi kuwashughulikia watu ambao hawakubaki," hakimu akajibu, na akakohoa. Akaamuru Siwatu avuliwe cheo na apelekwe nje ya mipaka, akaishi katika nchi ambazo bado zina mafuriko.

Siku hiyo hiyo, katika ukumbi wa jirani uliokuwa na harufu ya rangi mpya, Mheshimiwa Bakathiri alivishwa nishani kwa kulivusha taifa katika changamoto ya wingi wa maji bila kumpoteza mwananchi hata mmoja. Alinikaribisha sherehe. Nilikwenda, nikala. Nilimwuliza kama jina la mvua ile limepatikana. Aliniambia kamati ndogo imepiga hatua kubwa.

Niliondoka Tamkoni pamoja na Siwatu, kwa kuwa sikuweza kumtazama akiondoka peke yake. Alibeba mfuko mmoja. Tangu mjini mpaka mpakani hakunilaumu hata kwa neno moja, na ningefurahi kama angenilaumu. Bi Kazija alitusindikiza hadi mwisho wa mtaa, akamfungia viazi vitamu katika kanga. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Wenye masikio walikusikia." Kisha akageuka nyuma kwenda kufyatua matofali ya nyumba nyingine, pale pale ilipokuwa ile ya kwanza. Siwatu alimkataza, akamweleza kwa nini. Bi Kazija akajibu kwamba kilimani hawapewi viwanja.

Mpakani tulipokewa na askari mrefu, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kutisha. Alitusomea hukumu yote, akamwita Siwatu mchochezi na mzushi, akaupekua mfuko wake na kuvitoa viazi kimoja kimoja kana kwamba vingelipuka. Mkubwa wake alikuwa amekaa kibandani, anasikiliza. Baadaye yule mkubwa aliinama kufunga kamba ya kiatu, na askari akasogea karibu kabisa na Siwatu.

"Dada," akanong'ona, "nina mahindi shambani. Yamekauka, si sana. Niyavune au niyaache?"

Siwatu alimkazia macho. Nilidhani atamtemea mate. Ningekuwa mimi, ningemtemea. Alirudisha viazi vyake mfukoni, akaufunga, akainua uso kutazama upande wa mashariki, ambako mawingu meupe yalikuwa yakipanda moja juu ya jingine kama moshi wa tanuri la matofali.

"Unayaona yale? Yanakwenda juu, hayaendi pembeni. Jioni yatashuka yote. Vuna sasa hivi, uyaanike ndani, usiyaanike uani."

"Asante, dada yangu," askari akasema. Mkubwa wake akanyanyuka. Askari akaruka nyuma, akanguruma, "Toka! Toka, mchochezi mkubwa wewe!" akatusukuma nje, akaangusha kizuizi kwa kishindo.

Tulitembea kidogo tukageuka. Askari alikuwa ameacha lindo. Alikuwa akikimbia njia ya mashambani, bunduki ikimpigapiga mgongoni, na mkubwa wake yuko nyuma yake, kofia mkononi, akihema na kupiga kelele:

"We! Ngoja kwanza! Amesema tuyaanike ndani, au amesema uani?"